Vipele kuzunguka mdomo visivyokwisha: tyubu inayotuliza ndiyo inayovirudisha

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Gungu hapa Kigoma, na jioni nakaanga migebuka Kibirizi. Huu ni mwezi wa nane nina vipele vidogo kuzunguka mdomo. Vimeshuka kidevuni na vimepanda pembeni mwa pua. Haviwashi sana, ila ngozi inavuta na kuchoma kama nimepakwa pilipili. Duka la dawa walinipa tyubu ya "tatu kwa moja", ya fangasi, bakteria na mzio. Nikipaka, siku tatu uso unakuwa safi. Nikiacha, siku ya nne vinarudi vingi kuliko mwanzo. Sasa niko tyubu ya sita. Katikati nimejaribu mafuta ya mise (ya kiini cha mbegu ya mchikichi), manjano na liwa, ndimu, hata dawa ya meno. Binti yangu wa miaka sita naye ameanza kutoka vipele kama vyangu. Je, ni fangasi? Tunaambukizana? Nipake nini?

Jibu: Marahaba, mama. Kile ulichokitaja kama malalamiko tu, uso safi siku tatu na vipele kurudi siku ya nne, ndicho kinachonisaidia kuliko vyote. Upele unaotulia kwa tyubu ya namna hiyo na kufumuka kila unapoiacha, tena ukikaa mdomoni, kidevuni na pembeni mwa pua, karibu mara zote ni ule ambao madaktari wa ngozi wanauita dematitisi ya perioro, yaani mwako wa ngozi inayozunguka mdomo. Huwapata zaidi wanawake wa miaka 15 hadi 45, na watoto. Hautokani na damu chafu wala uchafu, na hauambukizi. Kuhusu binti yako nitasema huko mbele, maana naye nadhani chanzo chake ni hiyo hiyo tyubu.

Kabla ya kuniamini, kaa na kioo mahali penye mwanga wa mchana. Angalia pale ngozi inapokutana na mdomo wenyewe. Ukiona ukanda mwembamba wa ngozi safi, upana wa milimita chache tu, halafu ndipo vipele vianze, hiyo ndiyo alama kubwa ya ugonjwa huu. Vipele vyenyewe ni vidogo kama vichwa vya pini, vimesongamana, vingine vina tone la usaha au maji kileleni, na ngozi ya chini yake inabanduka magamba membamba. Vitabu vingi vinasema ngozi inakuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi usiutafute wekundu, hutauona. Utaona weusi wa kahawia au zambarau, au vipele vyenye rangi ile ile ya ngozi yako.

Chunusi zina vichwa vyeusi na vyeupe vya mafuta, na hupenda paji la uso, mashavu na mgongo. Fangasi ya uso huchora duara lenye ukingo ulioinuka na wenye magamba, katikati pakielekea kupona, na mara nyingi iko upande mmoja. Mzio wa kitu unachopaka huwasha sana na huingia hadi kwenye mdomo wenyewe. Vidonda vya homa ni malengelenge yaliyoshikana, hukaa siku kumi hivi na kuondoka, kisha hurudi pale pale. Nyufa za pembe za mdomo peke yake ni jambo jingine kabisa, na mara nyingi kuna fangasi, upungufu wa madini ya chuma au wa vitamini B. Lakini kama kuna sehemu ya uso au mwili yenye baka lisilohisi ukiligusa kwa pamba, acha kusoma hapa na uende hospitali ukapimwe ukoma, ugonjwa ambao bado upo nchini na unatibika.

Sasa tuje kwenye tyubu. Chukua boksi lake, soma maandishi madogo ya viambato. Majina nayaandika kama yanavyosomeka hapo: betamethasone, clobetasol, mometasone, fluocinolone, triamcinolone, dexamethasone. Ukikuta mojawapo, hiyo ni steroidi. Tyubu nyingi za "tatu kwa moja" zina betamethasone, kisha clotrimazole ya fangasi, kisha gentamicin au neomycin ya bakteria. Muuzaji hakukudanganya kusema inatibu mambo matatu. Ila kwenye uso wako nafuu yote ya siku tatu inatoka kwenye steroidi, na hao wengine wawili wanasindikiza tu.

Steroidi ya kupaka inabana mishipa midogo ya damu na kunyamazisha mwako. Ndiyo maana ngozi inatulia haraka hivyo. Lakini chini ya utulivu huo inaifanya ngozi ya uso, ambayo kwa asili ni nyembamba, izidi kuwa nyembamba, na ule ukuta wa juu unaozuia maji yasitoke na vichokozi visiingie unalegea. Ukiacha kupaka, mishipa iliyobanwa inafunguka kwa kishindo, mwako uliokuwa umezibwa unatoka wote kwa pamoja, na wewe unaona "ugonjwa umerudi". Unapaka tena. Kila mzunguko unaiacha ngozi dhaifu kuliko mzunguko uliopita, ndiyo maana tyubu ya sita inakupa nafuu fupi kuliko ya kwanza. Ukiendelea mwaka au zaidi, utaanza kuona mishipa myembamba juu ya ngozi, vinyweleo usoni, au mabaka yaliyopauka yasiyoendana na uso wako.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuacha, na usiache tyubu peke yake. Kuzunguka mdomo, pua na kidevu acha kila kitu kwa wiki nane: mafuta ya mise, mafuta ya mgando, losheni yenye manukato, poda na fondesheni, singo, manjano, liwa, skrabu, spiriti, na hayo mengine uliyoyajaribu. Mafuta ya mise hayana kosa miguuni, mikononi na kwenye nywele. Shida yake ni kwamba yanafunika vitundu vya vinyweleo vilivyokwishawaka na kufungia joto na unyevu ndani, sawa na mafuta ya mgando. Ndimu ina kosa mara mbili: inachoma ngozi iliyochubuka, na maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi yanaweza kuacha malengelenge na doa jeusi la miezi. Dawa ya meno imetengenezwa kwa ajili ya meno. Povu lake na ule ubaridi wa minti vinaichokoza ngozi.

Kunawa pia kunahitaji mpango. Asubuhi na usiku tumia maji safi ya uvuguvugu, mikono mitupu, bila kitambaa cha kusugua, kisha futa kwa kugusagusa na kitambaa laini ambacho ni chako peke yako. Sabuni, kwa wiki hizo nane, isifike eneo hilo kabisa. Sabuni za mche na zile za mawese zinazotengenezwa nyumbani zina ualkali mkubwa, kwa kawaida pH 9 hadi 10, wakati ngozi ya uso inapenda pH 5 hivi. Zinaondoa mafuta ya mwilini ambayo ngozi yako sasa inayahitaji kupona. Ukipiga mswaki, tumia dawa kiasi cha punje ya njegere, inama ili povu lisitiririke kidevuni, na unawe uso baada ya mswaki, usinawe kabla. Wapo wanaosema floraidi ya dawa ya meno ndiyo chanzo. Ushahidi wake ni mwembamba, na meno yako yanaihitaji hiyo floraidi, kwa hiyo sikushauri uiache. Ukiwa unatumia dawa yenye ladha kali ya mdalasini, hiyo badilisha.

Sehemu ngumu inakuja sasa, na hapa ndipo wengi wanaponishinda. Siku ya tatu hadi ya kumi baada ya kuacha tyubu, uso utaharibika kuliko ulivyo leo. Vipele vitaongezeka, vitachoma, pengine pembeni mwa pua patavimba kidogo, na kila utakayekutana naye atakuwa na dawa ya kukushauri. Huo ni mfumuko wa kuachishwa steroidi. Haina maana kwamba matibabu yamekataa, na haina maana una mzio na maji. Kwa mtu aliyetumia kama wewe, wiki ya pili mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote, ya tatu hutulia, na kati ya wiki ya sita na ya nane wengi uso unakuwa umesafika. Ukipaka tyubu "mara moja tu nipate kwenda harusini", umeanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Chagua tarehe ya kuanza ambayo haina sherehe mbele yake kwa mwezi mmoja.

Wakati wa mfumuko kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi, kikiwekwa dakika kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kinatuliza mchomo. Ngozi ikikauka hadi kupasuka, paka losheni nyepesi isiyo na manukato, kiasi cha punje moja ya njegere kwa eneo zima, na si zaidi. Piga picha kila Jumapili, mahali pale pale, mwanga ule ule. Kioo cha kila siku kinadanganya, na picha ya wiki ya nne ikiwekwa kando ya ile ya wiki ya pili itakuonyesha kilichobadilika.

Tahadhari moja kubwa. Haya ya kuacha kwa ghafla ni kwa aliyepaka eneo dogo la uso. Kama umekuwa ukipaka krimu yenye clobetasol au mkorogo mwili mzima kwa miezi, usiache ghafla bila kuonana na daktari, kwa sababu steroidi inayoingia kupitia ngozi pana huweza kulaza tezi zinazotengeneza homoni ya steroidi ya mwili wenyewe. Dalili zake ukiacha ni kuishiwa nguvu, kizunguzungu na kutapika. Na wapo waliopaka clobetasol usoni kila siku kwa muda mrefu ambao daktari huwashusha kwa ngazi, hydrocortisone 1%, steroidi hafifu, mara moja kwa siku wiki moja, kisha siku moja baada ya nyingine wiki ya pili, halafu basi. Wewe umekuwa ukipaka na kuacha, sioni haja ya ngazi hiyo.

Dawa zipo, lakini zinakuja baada ya kuacha, haziwezi kufanya kazi wakati tyubu bado inapakwa. Kwa hali ya wastani hutumika dawa ya kupaka moja kati ya hizi: metronidazole 0.75% ya ngozi, clindamycin 1%, au erythromycin 2%, mara mbili kwa siku, kwa wiki nane. Kwa Kigoma clindamycin itakuwa rahisi zaidi kuipata kwa kuwa huuzwa kama dawa ya chunusi. Hakikisha boksi halijaandikwa benzoyl peroxide pamoja nayo, hiyo itakuunguza. Kiasi ni punje ya njegere kwa eneo lote, ngozi ikiwa imekauka dakika kumi na tano baada ya kunawa. Usisage vidonge vya metronidazole ukachanganya na mafuta, ingawa najua wapo wanaofanya hivyo. Unga huo hausambai sawa na unakwaruza ngozi.

Kwa miezi minane na tyubu sita, daktari anaweza kuona ni bora uongezewe dawa ya kumeza. Ya kawaida ni doxycycline miligramu 100 mara moja kwa siku, wakati mwingine mara mbili, kwa wiki sita hadi nane. Makosa yake makubwa ni mawili. La kwanza ni kununua vidonge kumi, kuona hakuna kilichobadilika, na kuacha. Hapa dawa hii haifanyi kazi kwa kuua vijidudu tu. Inapunguza mwako, na hilo huanza kuonekana wiki ya pili au ya tatu. La pili ni namna ya kumeza. Meza na glasi nzima ya maji ukiwa umesimama au umekaa wima, na usilale kwa nusu saa, maana kidonge kikikwama kooni kinatoboa kidonda. Usikimeze pamoja na maziwa, vidonge vya kuongeza damu au dawa za kiungulia. Viachane kwa saa mbili au zaidi, la sivyo vinashikana tumboni na dawa haiingii. Tena ngozi inakuwa rahisi kuungua na jua, kwa hiyo mchana tembea na kofia au kanga kichwani. Na kama una mimba, unadhani unayo, au unanyonyesha, mwambie daktari kabla hajaandika chochote. Doxycycline haifai kwa mjamzito, na erythromycin ndiyo hutumika badala yake.

Kazi yako nayo ina mchango. Joto la jiko na mvuke wa mafuta ya kukaangia vinafungua mishipa ya uso, na ngozi iliyo kwenye mfumuko inachoma zaidi usiku huo. Sikuambii uache biashara. Kaa upande upepo unakotoka, upepo wa ziwa uupeleke moshi mbele yako, usogeze kiti nyuma hatua moja wakati mafuta yanachemka, na ndoo ya maji safi iwe karibu unawe uso kila baada ya saa moja au mbili. Usijifunge kitambaa mdomoni kuficha vipele. Unyevu wa pumzi chini ya kitambaa hulisha mwako huu, na wakati wa barakoa za korona wengi waliupata kwa njia hiyo.

Binti yako sasa. Ugonjwa hauruki kutoka kwako kwenda kwake. Niulizie nyumbani: ameshawahi kupakwa hiyo tyubu, hata kidogo, kwa kipele cha mbu au ukurutu? Analala akibanana na uso wako usiku umeshapaka? Mara nyingi jibu liko hapo. Watoto weusi wanaupata kwa sura ya peke yake: vipele vigumu vya rangi ya ngozi, vimesongamana kuzunguka mdomo, pua na macho, bila usaha. Vinatisha kwa macho lakini huisha, wakati mwingine kwa kuchukua miezi. Kwake pia acha kila kitu, maji tu. Daktari anaweza kumpa metronidazole au erythromycin ya kupaka, au erythromycin ya maji kwa kipimo cha uzito wake. Doxycycline hapana, watoto wa chini ya miaka minane inaweza kuwatia rangi meno kwa maisha yao yote. Ila angalia kitu kimoja kabla: kama mwanao ana tabia ya kulamba midomo na weusi mkavu umeizunguka hadi kuigusa, bila ule ukanda safi niliokueleza, basi wake ni mate yanayomkausha, na yeye mafuta kidogo ya mgando yatamsaidia. Na kama anatumia dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi, usiiache. Mnawishe uso na asukutue kila anapomaliza.

Vipele vikiisha vitaacha madoa meusi. Hayo si ugonjwa na hayahitaji tyubu. Ni rangi iliyomwagika ndani ya ngozi wakati wa mwako, na huchukua miezi mitatu hadi mwaka kufifia. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu hapo ndipo watu wanapoingia kwenye mkorogo. Vipodozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini na TBS, Shirika la Viwango, ndiyo inayovisimamia tangu 2019, lakini krimu isiyo na lebo inayosomeka bado utaikuta sokoni, na hiyo itakurudisha mwanzo kabisa. Kinga ya jua nyepesi, SPF 30, ukiianza uso ukishasafika, inafanya kazi zaidi kuliko krimu zote hizo.

Nenda hospitali mapema, bila kusubiri wiki nane, ukiona gamba la njano kama asali linalosambaa, homa, uvimbe wa uso, vipele vinavyokaribia jicho na jicho kuuma, au vidonda ndani ya mdomo. Upele wa uso unaokataa matibabu sahihi ni sababu nzuri ya kupima VVU pia, kama hujapima karibuni. Maweni ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa; uliza siku ya kliniki ya ngozi kabla ya kupanga safari, na rufaa ya mbele zaidi ni Bugando, Mwanza. Beba tyubu zote sita, hata zilizokwisha, sabuni, mafuta na dawa ya meno unayotumia, vyote kwenye mfuko mmoja. Daktari akiviona mezani anaokoa maswali ya nusu saa.

Wiki ya nane ikifika uso ukiwa safi, rudisha vitu kimoja kimoja, kimoja kila wiki mbili: kwanza sabuni laini isiyo na manukato, kisha kinga ya jua, poda mwisho kabisa. Rangi ya mdomo iishie kwenye mdomo, isivuke ukingo. Vipele vitatu au vinne vikijitokeza tena, ondoa kile cha mwisho ulichorudisha, rudi kwenye maji matupu, na paka dawa ya ngozi uliyoandikiwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili. Mara nyingi hapo vinaishia.